Wimbo wa marehemu baba haunigusi tena. Nimeuharibu?

SWALI

Daktari, assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 46, mkaazi wa Kisauni, Mombasa, ila nimezaliwa Kuze. Marehemu babangu alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu barazani. Nikitoka shule nilikuwa nakaa naye nikimtungia uzi, na redio kaseti iko dirishani inapiga taarab. Kwenye kanda yake moja kulikuwa na wimbo ambao utepe wake ulikatika, baba akauunga kwa selotepu, basi ukifika ubeti wa pili unaruka. Baba alifariki nikiwa na miaka 19. Tangu hapo, ikianza tu ile tashkota, ala ya nyuzi, hata nikiwa ndani ya matatu, machozi yananitoka kabla sijatambua ni wimbo gani. Mwaka jana mume wangu akanitilia kwenye simu. Nikafurahi, nikawa nausikiliza kila siku nikipika na kuosha vyombo. Sasa nausikia kama wimbo wowote. Je, nimeuharibu? Na mbona ule ambao baba mwenyewe aliupenda zaidi, uliokuwa ukipigwa kila harusi, haujawahi kunigusa hivyo? Binti yangu wa miaka 16 huulilia, na hakumdiriki babu yake. Kakangu naye ashikilia kuwa kanda hiyo ilinunuliwa tukiwa tushahamia Majengo, kwa hiyo hiyo baraza ya Kuze ninayoikumbuka ni yangu tu. Na mamangu, ambaye siku hizi asahau sana, huuimba kiitikio bila kukosea, kisha huanza kuzungumza habari za sinema. Naomba unieleze.

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Hujauharibu. Kumbukumbu ya babako iko palepale. Kilichopungua ni nguvu ya wimbo huo kuiita, na sababu zake mbili umezitaja mwenyewe ndani ya barua yako: selotepu na vyombo.

Nianze na jinsi mambo haya yanavyofungamana. Zile jioni ulizomtungia babako uzi, ubongo wako haukuwa ukiweka wimbo upande huu na baba upande ule. Mlio wa cherehani, harufu ya mafuta yake, kitambaa cheupe magotini mwa baba, sauti inayotoka dirishani, vyote viliingia pamoja, na sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi ikavifunga kuwa kitu kimoja. Karibu nayo ipo amigdala, inayoshughulika na hisia. Palipo na mapenzi au hofu au furaha, amigdala husaidia fundo likazwe zaidi. Ndiyo maana miaka mingi baadaye kipande kimoja kikirudi huja na wenzake.

Muziki una jambo ambalo picha haina. Picha unaitazama mara moja na imekwisha, lakini wimbo huenda na wakati, na kila kipande chake hukuandaa kwa kinachofuata, hivyo hukushikilia ndani ya kumbukumbu kwa muda wote unaopigwa. Mwaka 2016 Amy Belfi na wenzake, nchini Marekani, walilinganisha kumbukumbu zinazoletwa na nyimbo na zile zinazoletwa na picha za nyuso za watu mashuhuri. Zilizoletwa na nyimbo zilikuwa na mambo mengi zaidi ya tukio lenyewe, yale ya nani alikuwapo, kulionekanaje na mtu alijihisi vipi.

Sasa tuje kwenye selotepu. Mwaka 1973 wanasaikolojia Endel Tulving na Donald Thomson walieleza kanuni ambayo bado tunaitegemea: kitu hukukumbusha tukio kwa kadiri kilivyokuwa sehemu ya tukio hilo lilipokuwa likiingia akilini. Haitoshi kifanane nalo. Wimbo ulioingia nao barazani ulikuwa na pengo katika ubeti wa pili, tena ulitoka kwenye spika ndogo ya redio kaseti, juu ya mlio wa cherehani. Wimbo aliokutilia mume wako ni mzima, msafi, hauna pengo, na unatoka kwenye simu. Kwa mwimbaji na wapigaji ni wimbo uleule. Kwako wewe umekosa mahali ambapo babako aliweka mkono wake.

Na pengo hilo lina uzito kuliko unavyodhani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, wakiongozwa na Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, walionyesha kuwa mtu anaposikiliza muziki anaoupenda, ubongo humwaga dopamini, kemikali yake inayohusika na raha, kwa nyakati mbili: wakati raha inapofika kileleni, na pia kabla yake, wakati mtu anaingojea. Kungojea kwenyewe kuna malipo. Sikio lako limezoea kungojea ule mruko tangu utotoni. Unajua neno la mwisho kabla ya kukatika, na unajua ni neno gani litadakia. Kwenye simu unafika pale, mwimbaji anaendelea kana kwamba hakujatokea lolote, na maneno yaliyokuwa yamemezwa na selotepu yanapita mbele yako kama mgeni. Sishangai kuwa kitu fulani ndani yako kimelala.

Ama vyombo, hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi. Ukisimama Marikiti asubuhi ukaita “Fatma!” watageuka wanawake kumi, na huenda Fatma wako asiwe miongoni mwao. Kitu kinachokukumbusha jambo moja huwa na nguvu, na kadiri kinavyofungwa na mambo mengi ndivyo kinavyoshindwa kuleta lolote kati yao waziwazi. Olga Watkins na Michael Watkins waliliandikia hili mwaka 1975. Kwa miaka zaidi ya 25 wimbo ule ulikuja kwako kwa nadra na kwa ghafla, na kila ulipokuja ulikuta jambo moja tu limefungwa nao. Mwaka huu mmoja umeufunga na wali unaokaribia kuungua, na maji ya bomba, na mtoto anayeuliza sare yake iko wapi. Ubongo wako umefanya kazi yake vizuri sana: umejifunza kuwa siku hizi wimbo huu maana yake ni jikoni.

Hapo hapo lipo jibu la ule wimbo wa harusi. Babako aliupenda, lakini ulipigwa kwake, ukapigwa kwa jirani, ukapigwa kila palipotandikwa majamvi na kuwashwa taa. Umeusikia ukiwa na njaa, ukiwa umevaa nguo mpya, ukiwa umegombana na shoga yako. Umekuwa wa mji mzima, na haumwiti mtu mmoja. Wala si ajabu wimbo kutoleta kitu. Mwaka 2007 Petr Janata na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwapigia wanafunzi vipande vya nyimbo zilizovuma walipokuwa wakikua, na kwa wastani ni asilimia 30 tu ya nyimbo hizo zilizowaletea kumbukumbu ya maisha yao. Zilizobaki zilipita. Usijilaumu kwamba hukuupenda wimbo alioupenda baba. Ulimpenda yeye, na sikio lako likashika ule uliokuwapo mlipokuwa wawili.

Umri wako pia ulihusika. Ukimwomba mtu mzima asimulie maisha yake, matukio mengi atakayoyataja yatakuwa ya kati ya miaka 10 na 30, na nyimbo zinazomgusa zaidi nazo huangukia humo. Ndiyo miaka ambayo mambo mengi hutokea kwa mara ya kwanza, na ambayo mtu anajiuliza yeye ni nani. Janata aliendelea na kazi hiyo, na mwaka 2009 akaonyesha kwa mashine ya kupiga picha za ubongo kuwa sehemu iliyo nyuma ya paji la uso hufanya kazi zaidi wimbo unapogusa maisha ya msikilizaji. Sehemu hiyo hiyo hutumika mtu anapojifikiria mwenyewe. Kwa hiyo ule wimbo ulipokutoa machozi ulikuwa ukikurudishia pia msichana mwenye sindano mkononi, na sidhani kama umewahi kumlilia huyo kwa makusudi.

Kuhusu machozi kutangulia utambuzi, hilo si jambo la kutisha. Mwaka 2019 watafiti wa University College London waliwasikilizisha watu vipande vifupi mno vya wimbo wanaoupenda na wimbo wasioujua, huku wakipima mboni za macho na umeme wa ubongo. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini tofauti ilionekana kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya tatu ya sekunde tangu sauti ianze. Jina la wimbo bado halijakufikia, mwili umeshajua. Tashkota nayo ina mlio wa pekee, mkali wenye kutetemeka, usiofanana na udi wala akodiani. Nyuzi za kwanza tu zinatosha.

Sasa kakako. Nitasema jambo ambalo huenda lisikupendeze: inawezekana ana haki. Uwazi wa kumbukumbu hauthibitishi kuwa tarehe na mahali ni sahihi. Frederic Bartlett alionyesha tangu mwaka 1932 kwamba kukumbuka ni kujenga upya, na kila mara tunajenga kwa vipande tulivyo navyo. Ulikaa na baba barazani Kuze kwa miaka, labda bila kanda hiyo. Kisha ukakaa naye Majengo, kanda ikiwapo. Jioni hizo zinafanana, mtu ni yuleyule, uzi ni uleule, na akili hailazimiki kuzitenganisha. Lakini inawezekana pia kakako ndiye aliyechanganya. Msigombane. Muulizeni mama nyumba ipi dirisha lilitazama baraza, na kama kasha la kanda lipo, litazameni: mara nyingi aliyerekodi aliweka jina la duka lake au namba. Hata ikithibitika ni Majengo, hujapoteza kitu. Babako alikuwapo, wewe ulikuwapo, na selotepu ilikuwapo.

Binti yako amenifikirisha sana. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick, wa Chuo Kikuu cha Cornell, waligundua kuwa vijana wa miaka kama 20 waliguswa na nyimbo zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana, na hata na nyimbo za miaka ya 1960. Nyumba ndiyo iliyowapa. Lakini usidhani binti yako anamkumbuka babu yake kwa njia ya damu. Anakukumbuka wewe. Fikiria alipokuwa na miaka mitano: mmeketi kwenye matatu, tashkota inalia, na mamake aliyekuwa akicheka ghafla ananyamaza na kujifuta macho kwa ncha ya leso. Mtoto hajui kulikoni. Anachojua ni kwamba sauti hii humfanya mama aende mahali ambapo yeye hawezi kufika. Kwa mtoto hilo ni tukio zito, na limefungwa kwake na wimbo uleule. Mwambie habari za babu yake. Mwambie hata umbo la kidole gumba chake kilivyokuwa kwa kushika mkasi, ili anapolia ajue analia kwa ajili ya nani.

Tumalizie kwa mama, na hapa nitakaa kidogo.

Unasema anaanza na wimbo, anaishia sinema, na naona unalichukulia hilo kuwa ni kupotea kwake. Mimi naona huenda anajibu vizuri kabisa. Wewe umeishi Mombasa, wajua: taarab yetu ya hapa, tofauti na ya Unguja iliyoegemea zaidi Misri, ilipenda mno mahadhi ya filamu za Kihindi. Mshairi wa Kiswahili alitunga maneno, mwimbaji akayavika sauti iliyotoka kwenye sinema, na Juma Bhalo alisifika kwa hilo pwani nzima. Mtu wa umri wa mamako alipokuwa msichana, filamu hizo zilionyeshwa katika kumbi za sinema za Regal na Naaz, na watu walitoka wakiimba nyimbo zake. Ikiwa wimbo wa babako ulivikwa sauti ya namna hiyo, basi mamako aliisikia sauti kabla hujazaliwa, mahali pengine kabisa, pengine akiwa na mashoga zake wamejitanda buibui, pengine, nani ajuaye, akiwa na huyo huyo fundi cherehani kabla hajawa mumewe. Maneno ya Kiswahili yalikuja baadaye. Sauti ile ile inakuita wewe barazani, inamwita binti yako kwenye kiti cha matatu, na inamwita mamako Naaz. Hakuna kati yenu aliyekosea.

Kwa hiyo akianza habari za sinema, usimrudishe. Muulize. Filamu gani? Tikiti alinunua nani? Alikaa na nani? Mrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake.

Kwamba anasahau ya jana na kiitikio anakishika, hilo limechunguzwa. Mwaka 2015 Jörn-Henrik Jacobsen na wenzake, wakiwa Leipzig, Ujerumani, walionyesha kuwa sehemu za ubongo zinazoshughulika na nyimbo za zamani ni miongoni mwa zile ambazo ugonjwa wa Alzheimer huchelewa kuziharibu. Nakuomba lakini usisikilize wanaosema muziki unaponya maradhi ya kusahau. Hauponyi. Kuimba wimbo wote si sawa na kukumbuka maisha, na unaweza kumkuta mtu anaimba beti zote na jina la mwanawe halipati. Kinachotokea, na nimekishuhudia katika kazi yangu, ni kwamba kwa dakika chache mtu huwa mchangamfu na maneno humjia. Dakika hizo zinafaa kutumiwa.

Kuhusu kanda. Kama bado iko kwa mama au kwa kaka, msiitie kwenye redio kuukuu mkabonyeza. Gundi ya selotepu iliyokaa miaka mingi katika joto na unyevu wa hapa petu huvuja, hushika utepe wa juu na wa chini, na redio itaumeza. Mtafuteni fundi anayejua kanda, alifungue kasha, aunge upya kwa utepe maalumu wa kuungia, afute ukungu, kisha airekodi kwenye kompyuta. Na mwambieni waziwazi asiujaze ule mruko. Mafundi wa siku hizi hupenda kusafisha, na kwa kawaida hiyo ni kazi nzuri. Kwenu nyinyi atakuwa amefuta muunganiko wa mkono wa baba. Nusu sekunde ile ibaki ilivyo.

Ukiipata, huo uwe wimbo wa baba, na ule wa kwenye simu uwe wa jikoni. Upumzishe kwanza miezi kadhaa. Ukitaka kumkaribia, keti jioni, simu nyingine iwe mbali, kipande cha kitambaa na chupa ya mafuta ya cherehani viwe karibu, maana harufu nayo ilikuwa ndani ya fundo lile. Siwezi kukuahidi kuwa machozi yatarudi kama zamani, wala sipendi uyapime mapenzi yako kwa machozi. Ulifiwa na miaka 19. Baadhi ya utulivu unaousikia sasa huenda ni msiba uliopata nafasi ya kukaa chini, na hilo halimpunguzii babako chochote.

Jambo la mwisho haliwezi kungoja kanda. Mpeleke mama hospitali aonwe kwa huko kusahau. Watu wengi hapa wanasema ni uzee tu, na wanamwacha mtu mpaka hali imekuwa mbaya. Zipo sababu zinazotibika: upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, huzuni ya muda mrefu, dawa zinazogongana. Masikio nayo yapimwe, kwa kuwa asiyesikia vizuri huonekana kama anasahau. Dawa zote anazotumia, hata za mitishamba na za presha, zitieni kwenye mfuko mmoja mwende nazo, na wewe uandike tangu lini ulianza kuona mabadiliko na ni mambo gani hasa anayoyasahau.